Barafu imepita Houston: mlimau wangu nikate au nisubiri?

Mama Tanga (Houston), Machi 2021
Jamani, habari za humu. Barafu ya Februari imenimalizia bustani. Usiku wa kuamkia tarehe 16 kipimo cha uwanja wa ndege kilishuka hadi nyuzi 13 za Farenhaiti, yaani zaidi ya 10 chini ya sifuri kwa Selsiasi, na umeme nao hatuna. Migomba imelala chini, imekuwa uji mweusi unaonuka. Bogenvilia imebaki miiba mitupu. Kinachoniuma ni mlimau. Majani ya juu yamekaukia palepale matawini, ya chini yamepukutika yote. Jirani kaja na msumeno, anasema ng'oa upande upya. Marehemu mume wangu ndiye aliyeupanda. Nifanyeje?

Kaka wa Bustani (Corpus Christi)
Pole sana, dada. Msumeno urudi kwa mwenyewe kwanza. Hayo majani yameshakupa jibu nusu: mti hudondosha jani ukiwa na uhai, kwa hiyo tawi lililopukutisha lina matumaini. Lililong'ang'ania majani makavu mara nyingi limekufa.

Kwangua gome kidogo kwa ukucha, ukianzia nchani ukishuka. Ukikuta kijani chenye unyevu, pazima. Ukikuta kahawia kavu, pamekufa, shuka tena. Unapokutana na kijani funga kitambaa, lakini usikate sasa. Machipukizi ya mwanzo hudanganya: hutoka vizuri kisha yakanyauka, kwa sababu tawi limeumia ndani. Ngoja Mei au Juni mti ukuoneshe wenyewe mpaka wake.

Mbolea bado. Maji kidogo tu udongo ukikauka, kwani mti usio na majani haunywi sana na mizizi huoza upesi. Shina lililobaki wazi lipake rangi nyeupe ya maji, nusu rangi nusu maji, jua la hapa lisije kulibabua.

La muhimu kuliko yote: mlimau wako ni wa kubebesha, yaani tawi la mlimau lililoungwa juu ya shina la mti mwingine? Tafuta kifundo cha maungio karibu na ardhi. Kichipukizi kikitoka chini yake, chenye majani matatumatatu na miiba mirefu, hicho ni cha shina la chini. Hakitakupa malimau unayoyajua. Kiondoe mapema.

Migomba ikate, itachipua toka chini. Bogenvilia nayo ina nafasi nzuri ya kurudi kutoka mizizini.

Msafiri (Dallas)
Wenye michikichi ya mapambo, vuteni polepole jani changa la katikati. Likitoka mkononi limeoza, mwagieni dawa ya ukungu yenye shaba pale kwenye moyo, msiukate mti. Mingine huchipua katikati ya kiangazi, watu wakiwa wameshaikatia tamaa.

Mama Tanga, Aprili
Kaka, Mungu akubariki. Matawi ya juu ni kahawia hadi ndani, ila shina kuu lina kijani kibichi kabisa, nilikwangua mkono ukitetemeka. Leo nimeona vichipukizi vyekundu-vyekundu, shubiri moja juu ya kifundo, jani moja moja. Kimoja kipo chini na kina miiba. Nitoe hicho tu?

Kaka wa Bustani
Hicho tu, tena kibanyue kwa mkono kingali laini, ukikikata kwa mkasi kitarudi. Vya juu viache vyote kwa sasa, majani ndiyo yanayoulisha mti. Ukifika Juni tuma picha tuchague vya kubaki.