Mjadala: Je, mikataba ya tovuti za umma ikataze kugusa kiini cha WordPress?

Mtoa hoja:
Ndugu zangu mnaotengeneza tovuti za shule, vyama vya akiba na wilaya hapa Uganda, naleta hoja hii: mkataba wowote unaolipwa kwa fedha za umma umkataze fundi kubadilisha mafaili ya kiini cha WordPress, yaani mafaili ya msingi ya programu hiyo ya kuendeshea tovuti, na umtake afanye marekebisho yote kwa vichujio, yaani vipande vya msimbo vinavyobadilisha kinachotolewa na WordPress bila kugusa kiini, ndani ya programu-jalizi (programu ya nyongeza) inayomilikiwa na taasisi yenyewe.

Niliitwa katika shule moja ya mashariki mwa nchi. Fundi aliyenitangulia alitaka muhtasari wa kila tangazo uwe na maneno 25 badala ya 55 ambayo ndiyo kawaida ya WordPress, kwa hiyo alifungua faili la kiini, akafuta 55, akaandika 25, akaondoka. Sasisho lililofuata liliandika upya mafaili ya kiini na muhtasari ukarudi ulivyokuwa. Mwalimu anayetunza tovuti, kwa kuogopa kupoteza kazi nyingine, akazima masasisho yote. Tovuti yenye taarifa za wazazi ikakaa miezi mingi na matundu ya usalama ambayo viraka vyake vilikwisha kutolewa. Jambo hilo liliniuma, kwa sababu mwalimu yule hakuwa na kosa lolote.

Kwa kichujio, kazi ile ni ya mistari michache. WordPress inapofika mahali pa kukata muhtasari huuliza kama yupo mwenye la kubadilisha, na funksheni yetu, iliyosajiliwa kwenye "excerpt_length", hupokea 55 na kurudisha 25. Mkazo uko kwenye kurudisha: katika kichujio cha "the_content", ukisahau kurudisha maandishi uliyopokea, ukurasa hubaki na kichwa chake huku mwili ukiwa mtupu.

Mchangiaji:
Ndugu mtoa hoja, kuhusu kiini tuko pamoja, ila neno "yote" silikubali. Tangu Baraza la Mawaziri liidhinishe Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, nimekuta tovuti ambazo Kiswahili chake kimepachikwa kwa kichujio cha "gettext", ambacho huitwa kwa kila fungu la maneno ya kutafsiriwa, pengine mara mamia katika ukurasa mmoja. Tafsiri ina mafaili yake maalumu, na huko ndiko inakopaswa kukaa. Isitoshe, vichujio havionekani kwa macho ya mtunzaji. Programu-jalizi mbili zikishika maandishi yale yale, yenye namba ndogo ya kipaumbele hutangulia, na zote zikiachwa kwenye 10 ya kawaida, hufuatana kama zilivyosajiliwa. Mwalimu wako atajuaje ni ipi iliyoharibu ukurasa?

Mtoa hoja:
Umesema kweli kuhusu tafsiri, nami naliondoa neno "yote". Kuhusu kutoonekana, naona dawa yake ni mkataba huo huo: vichujio vyote vya taasisi vikae katika folda moja, na juu ya kila kimoja yaandikwe maelezo ya Kiswahili au Kiingereza yanayotaja nani aliomba badiliko, lini na kwa sababu gani, ili fundi ajaye atafute "add_filter", amri inayosajili kichujio, katika folda hiyo na kuvisoma kimoja kimoja. Mwalimu naye, akitilia shaka, aizime programu-jalizi hiyo kwa dakika moja na kutazama kama ukurasa unapona. Kiini kilichochokonolewa hakimpi nafasi hiyo.

Ninaloongeza kwenye hoja yangu ni ukaguzi. Amri ya "wp core verify-checksums" hulinganisha mafaili ya kiini na orodha rasmi na kutaja lililobadilishwa. Nataka iendeshwe mbele ya mtunzaji wa tovuti, kabla fundi hajalipwa awamu ya mwisho.