Nyumba za zamani za manispaa Naks zinabomolewa na wauzaji wa veranda wanaondolewa, tudai nini kabla hatujatoka?

BintiFundi_Naks

Wadau habarini. Niko Nakuru, mtaa mmoja wa zile nyumba za zamani za manispaa karibu na tauni, zile za chumba kimoja za enzi ya mkoloni. Juzi walikuja vijana na ndoo ya rangi nyekundu wakapiga nambari kwenye kila mlango, ukiwauliza ya nini wanasema wametumwa tu. Baadaye kwenye baraza tukaambiwa mtaa unabomolewa panajengwa fleti za bei nafuu, na ile barabara ya maduka hapo mbele inawekwa kabro (yale matofali ya kutandika chini), taa na njia za kutembea, kwa hivyo wote wanaouza kwenye veranda wahamie soko jipya likiisha.

Mamangu ni fundi wa nguo, yuko kwenye veranda ya duka moja la vitambaa tangu nikiwa mdogo. Jioni cherehani anaifunga kwa mnyororo kwenye nguzo anaenda nyumbani kwa miguu, na mwenye duka hana shida naye kwa sababu mtu akileta nguo ishonwe ataingia ndani anunue zipu, uzi, bitana. Sasa huko soko jipya bitana ataitoa wapi na nani atamfuata.

Sipingi kujenga, nisieleweke vibaya. Tangu tupewe hadhi ya jiji Desemba 2021 na mimi nataka mji unaopendeza, choo tunashiriki mtaa mzima kama shule na mvua ikinyesha unalala ukihamisha kitanda. Lakini pale baraza tuliuliza tu tunaenda wapi wakijenga na nani atarudi, tukaambiwa "mtajulishwa". Kuna mtu ashawahi kupitia haya? Tudai nini sasa hivi tukiwa bado ndani?

omera_kondele

Dada pole. Ushauri wangu anza na soko hata kabla ya nyumba, maana nyumba unaweza kukodi kwingine ukajibana lakini wateja hawahami na wewe. Nimeona haya mambo hapa Kisumu. Tulipokuwa tunajiandaa kupokea Africities, ule mkutano wa miji ya Afrika, Mei 2022 katikati ya mji palitengenezwa vizuri, na ukweli lazima usemwe, leo unatembea Oginga Odinga Street bila kuruka mitaro, mama na mtoto mgongoni anapita sawa. Hiyo sehemu naipenda. Shida iko kwa nani alikuwa amekaa pale kabla ya hiyo njia kuwa nzuri.

Sasa ombeni mchoro wa soko, ule wenyewe, sio ile picha kubwa ya kupendeza wanayoweka kwenye bango. Angalieni mlango mkubwa unaangalia wapi, matatu zinashusha watu upande gani, mafundi wamepangiwa orofa ya ngapi. Mtu wa nyanya akipelekwa juu ameisha, hakuna mama atapanda ngazi mbili kununua nyanya za shilingi ishirini wakati kuna mtu anauza hapo chini kwenye gunia. Fundi wa nguo anaweza kuvumilia juu kidogo kwa sababu mteja wake anamjua kwa jina, lakini asiwe mbali na wauza vitambaa. Nairobi walijengewa Muthurwa ikafunguliwa 2008 ili wachuuzi watoke katikati ya mji, na mpaka leo wachuuzi wako barabarani na kanjo, askari wa kaunti, bado wanawakimbiza. Watu walirudi mahali miguu ya wateja inapita, basi.

Kitu kingine, ada ya kibanda. Veranda mamako analipa kidogo au halipi, kule atalipa kila mwezi hata kama hajashona kitu. Hiyo mjue mapema.

mpangaji_sugu

Mimi nitasema kitu wengine hawatapenda. Nimelelewa kwenye hizo nyumba na sitaki mwanangu alelewe humo. Paa ni lile la wakati wa babu, maji taka yanapita nyuma ya jikoni, na ardhi yenyewe iko mahali pazuri kabisa pa mji inabeba familia chache sana. Kila mtu anayelipa kodi ana haki na hiyo ardhi, hata yule anayekaa Kaptembwo kwenye chumba cha mabati akilipa landilodi mara kadhaa ya mnacholipa nyinyi. Mimi nakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kila mwezi kwa ajili ya nyumba na mwajiri anaongeza 1.5 yake, nataka kuona zinajengwa. Tusifanye kila kitu kikwame kwa sababu wachache wamezoea.

BintiFundi_Naks

@mpangaji_sugu nakusikia na kwa nyumba hatupingani, hata mamangu anataka choo cha ndani kabla hajazeeka. Ila hao "wachache" ndio wamekaa na hizo paa muda wote huo. Mbona wao ndio watoke bila kujua wanarudi?

karani_mstaafu

Nimefanya kazi za masjala miaka mingi kwa hivyo nitaongea ya makaratasi. BintiFundi, kwanza ujue sheria haiwalindi kama mnavyodhani. Ile sheria ya wapangaji wa maduka, Sura ya 301, ambayo inamzuia landilodi kukufukuza ovyo na inakuruhusu kwenda kwa tribuno, lile baraza la kesi za wapangaji, haihusu mahali ambapo mwenye nyumba ni serikali au kaunti. Watu wengi wenye vibanda vya kaunti wanakimbilia tribuno wanarudishwa mlangoni. Na mamako pale veranda hana hata mkataba, ana uhusiano mzuri na mwenye duka tu.

Mnachoweza kushika ni Katiba. Kifungu cha 43 kinataja haki ya nyumba ya kutosha, na Januari 2021 Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Mitu-Bell, wale watu wa kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa Wilson waliobomolewa 2011, ilisema hiyo haki si maneno ya kupamba karatasi, hata mtu asiye na hatimiliki anaweza kuidai akifurushwa kwenye ardhi ya umma. Lakini angalia miaka, nyumba zilianguka 2011 hukumu ikaja 2021. Kwa hivyo mahakama iwe ya mwisho.

Ya kwanza andikeni barua ya kuomba habari chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Mnaomba mpango wa mradi, orodha ya wapangaji waliyonayo, mahali pa kuhamia kwa muda, na maandishi yanayosema nani anarudi na kwa bei gani. Ofisi ina siku 21 kujibu, ikinyamaza mnaenda kwa Ombudsman, ile tume ya kupokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri mbaki nayo. Barua isiyo na muhuri wa kupokelewa ni kama hamkuandika.

Halafu someni Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 hapo kwenye mapato. Nyumba za kijamii ni za mtu anayepata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi, zile zinazoitwa za bei nafuu ni kuanzia 20,000 hadi 149,000. Mtaa kama wenu mama wengi wako kundi la kwanza. Ulizeni kwenye huo mradi nyumba za kijamii ni ngapi, kwa sababu fleti zinaweza kujaa kabisa na hakuna mmoja wenu ndani, na kila mtu akawa amefuata sheria.

mkakamega_ughaibuni

Nafuatilia kutoka Uingereza, nimezaliwa Kakamega. Huku wana shida ya upande ule mwingine, barabara za maduka katikati ya miji zinakufa, unapita unakuta duka limefungwa, linalofuata limefungwa, watu wananunua mtandaoni. Mpaka serikali ikapitisha sheria 2023, na tangu Desemba 2024 halmashauri inaweza kupiga mnada wa kukodisha duka lililokaa tupu zaidi ya siku 365 ndani ya miezi 24, mwenye jengo apende asipende. Wanatafuta kwa nguvu ya sheria watu wa kuleta uhai barabarani, watu kama mamako na cherehani yake. Sisi tunao tayari tunawaondoa ili kabro ionekane. Kwa nini wasimchoree nafasi yake pale pale chini ya veranda, njia ya kupita ibaki na yeye abaki? Hizo veranda za Kihindi ni pana.

omera_kondele

@mkakamega_ughaibuni hapo umegonga. Na kuhusu kurudi, muwe wagumu kabisa. Kibera Soweto East watu walihamishwa 2009 kupelekwa fleti za muda Lang'ata, nyumba zao wakakabidhiwa 2016. Hao angalau walikuwa na pa kusubiri. Nyinyi msipoonyeshwa pa kusubiri, kufikia nyumba ziishe watu wametawanyika Njoro, Bahati, wengine wamerudi ushago kijijini, nani atawatafuta?

BintiFundi_Naks

Asanteni sana, barua tunaandika wikendi hii, mwalimu mmoja wa hapa amejitolea kuandika na tutazunguka mlango kwa mlango kuchukua sahihi. Swali moja tu kwa @karani_mstaafu. Nyumba yetu kadi ya upangaji bado ina jina la babu na alifariki zamani, sisi tunalipa kila mwezi na risiti zinatoka na jina lake. Majirani wengi wako hivyo. Kuna hata wanaokaa kwa kupangishwa na mwenye kadi ambaye yuko kwake Kiamunyi.

karani_mstaafu

Hiyo ndiyo ya haraka kuliko barua yenyewe. Ile rangi nyekundu ni kuhesabu, na baada ya kuhesabu wanakuja na orodha ya majina wakilinganisha na kadi. Wakikuta jina la marehemu wanaandika "hayuko" na hapo umetoka. Kusanyeni cheti cha kifo, barua ya chifu, kitambulisho cha mamako na risiti mlizonazo zote hata zilizofifia, muende ofisi ya nyumba muombe kadi ibadilishwe jina. Wakikataa waandike kwamba wamekataa. Wale waliopangishwa na mwenye kadi wasijifiche, nao waorodheshwe kwenye barua yenu kama wakaaji pamoja na mwaka walioingia, maana mkianza kugombana nyinyi kwa nyinyi nani ni wa kweli, hiyo orodha itaandikwa na mtu mwingine. Nendeni Jumatatu asubuhi.

mpangaji_sugu

Kwa hilo la kadi mimi niko pamoja nanyi. Kuna karani hapo masjala namfahamu, ni mtu wa kusaidia, nikutumie inbox siku anazokaa kaunta.