Wakuu, mchezo wetu wa jukwaani umepooza

Kijana wa Kirumba: Tunafanya mazoezi ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969), tamthilia ya Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, hapa Mwanza. Mistari tumeikariri yote, ila haimgusi mtu. Tunakosea wapi?

Bibi Nyegezi: Mnaharakisha, mjukuu wangu. Mwishoni Kinjeketile anatakiwa akiri kwamba maji yake ya kuwakinga watu na risasi yalikuwa uongo, anakataa. Hapo nyamazeni, kila mtu asikie pumzi yake. Shuleni tulimimina maji ya ziwa kutoka kwenye kibuyu. Matone yakagonga mbao, ukumbi mzima kimya. Hadi leo nayasikia.

Mvuvi Igombe: Shikamoo bibi. Sauti nayo! Semeni kama mnamwita mtu aliye mtumbwini.

Bibi Nyegezi: Marahaba. Kweli kabisa.

Kijana wa Kirumba: Asante bibi. Kesho naleta kibuyu.