Naomba ushauri: dodoso la kupima ustawi wa kisaikolojia kwa walimu tarajali

Wakuu habari za mida hii, niko Dar nasomea ualimu mwaka wa mwisho, risechi yangu ni ustawi wa kisaikolojia wa walimu tarajali. Supavaiza anataka dodoso la mwanasaikolojia Ryff lile la vipengele 6, mi naona maswali 42 mengi mno watu watatiki tu ilimradi, bora la mwanasaikolojia mwingine, Diener, maswali 8, unajibu 1 mpaka 7 jumla mwisho 56. Ila kuna swali la kuheshimiwa na watu, mshkaji akaniuliza watu gani, wanafunzi wa TP (mazoezi ya kufundisha) au mama mwenye nyumba anayenidai kodi?? Halafu nikigawa dodoso wakati boom (hela ya mkopo wa chuo) limetoka si wote watakuwa na raha jamani. Mliowahi kutafsiri dodoso mlilijaribisha vipi, na nikusanye kabla au baada ya TP?