"Windfall": upepo umeanguka ama pesa imeingia?

Mwalimu_Kondele: Wandugu, kuna sentensi ya tafsiri ya kidato cha 3: mkulima alipata "a windfall". Nusu ya darasa imeandika "kuanguka kwa upepo", hoja yao ikiwa "rainfall" ni kunyesha kwa mvua. Kosa naliona, kulieleza ndiyo kazi. Neno lilitoka wapi, na Kiswahili chake ni kipi?

Mkalimani_Nakuru: Mwalimu, hao watoto wana akili, muundo ndio umewaponza. Kwa "rainfall" kinachoanguka ni mvua yenyewe. Kwa "windfall" upepo ndio unaoangusha. Kinachoanguka ni tunda, au mti mzima. Maana hiyo ipo tangu karne ya 15. Kufikia karne ya 16 Waingereza walishalihamishia kwa mali inayomjia mtu bila kuitolea jasho.

Ya tunda nayo haijafa. Tufaha la kuokotwa chini ya mti bado huitwa hivyo kwao, na mengi huishia kwenye juisi kwa kuwa yamechubuka. Ni kama avokado ya kuanguka: nje inang'aa, ukiikata unakuta upande uliogonga chini umeshakuwa mweusi.

Kipimo cha darasani: kuna aliyeangua? Urithi wa jamaa usiyemtarajia ni windfall. Mshahara sio. Bonasi iliyo kwenye mkataba pia sio, hata iwe nono vipi.

Bibi_Kamusi: Kiswahili chake ni ngekewa. Ukitaka usemi, "ameokota dodo chini ya mnazi", na hapo tumewashinda: tunda la Mwingereza lilianguka kutoka mti wake, letu halina hata mti wa kulizaa hapo. Msiandike "bahati nasibu", huo ni mchezo wa tiketi. "Zali" ni la mtaani, zaidi Tanzania. Kwa mtihani liacheni.

Kwenye habari za uchumi mambo hubadilika. "Windfall tax" niiteni kodi ya faida ya ghafla. Uingereza iliitoza 1997 kwa kampuni za huduma zilizobinafsishwa, na 2022 kwa wachimbaji wa mafuta na gesi baada ya bei kupaa. "Kodi ya ngekewa" itamfanya msomaji adhani wanaokatwa ni washindi wa kamari.

Kijiti_na_Chaki: Na msiichanganye na "fluke", yaani kufaulu kwa kubahatisha. Hiyo ilianzia kwenye meza ya biliadi, miaka ya 1850: unalenga mpira huu, unaingia ule. Lazima uwe umepiga. Windfall hukukuta umekaa.

Mwalimu_Kondele: Shukrani. Na aliyeandika "alipata embe lililoangushwa na upepo"?

Mkalimani_Nakuru: Angalia umoja na wingi. "Windfalls" shambani kwa kawaida ni matunda. "A windfall", tena na kitenzi cha kupata, mara nyingi ni pesa.

Mwalimu_Kondele: Ni "a". Basi huyo nampa nusu alama.