MREJESHO: Usaili wa grini kadi kupitia ndoa

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza hapa mimi na mume wangu, raia wa Marekani, tujiandae vipi kwa usaili wa ukaazi wa kudumu.

Ushauri uliotufaa kuliko wote ni kubeba ushahidi wa maisha ya pamoja. Picha za harusi ofisa alizipitia harakaharaka. Akatulia kwenye mkataba wa nyumba wenye majina yetu wote wawili, kisha taarifa za akaunti ya pamoja, kidole kikishuka mstari kwa mstari: "Hii ya kila mwezi ni ya nini?" Kodi ya nyumba, tukajibu kwa pamoja.

Jibu halikutoka siku ile. Kipato cha mume hakikufikia kiwango cha fomu I-864 (ahadi ya mdhamini kumtegemeza mhamiaji kifedha), wakatuandikia tulete mdhamini mwenza, yaani mtu mwingine wa kutudhamini kwa kipato chake. Aliyetushauri tumwandae mtu mapema, Mungu akubariki: wifi yangu alikuwa na nyaraka zake za kodi tayari.

Kadi imekuja, ila ni ya miaka 2 tu, kwa kuwa ilipoidhinishwa ndoa yetu haikuwa imetimiza miaka 2. Mlio kama mimi, fomu I-751 (ya kuomba kuondolewa sharti hilo la miaka 2) mnaituma pamoja na mwenzi ndani ya siku 90 kabla kadi haijaisha muda.