Mashine ya betri ya kufyonza majani: inafaa?

Mgeni wa Minnesota: Wakuu, mwaloni wa jirani unamwaga majani uani kwangu hadi Novemba. Ninunue mashine ya kufyonza na kusaga, au nibaki na reki?

Mama Bustani: Nunua, ila fyonza majani makavu tu. Yenye umande huziba bomba. Yakikwama, toa betri kwanza ndipo uingize mkono, tafadhali sana! Kokoto nazo huvunja feni ya plastiki. Mimi nakusanya kwa reki, mashine inasaga. Majani yaliyosagwa huoza upesi, nayatandaza kwenye matuta ya sukuma wiki. Udongo umelainika, minyoo tele!

Fundi: Betri nunua mbili, uzihifadhi ndani. Baridi huzidhoofisha.

Mgeni wa Minnesota: Shukrani. Mfuko wake mzito?

Mama Bustani: Ukijaa unachosha bega. Mwaga ukifika nusu.